Hodi Isiyopigwa

Lori la samaki lilikuwa bado liko mbali nyuma yetu, hata muungurumo wake ulikuwa haujasikika vizuri, lakini kaka yangu Norio alikwisha kuteremka. Alisogeza baiskeli kwenye majani, akasimama wima kando ya barabara, akainamisha kichwa. Lori likapita. Dereva hakumtupia hata jicho. Norio akapanda tena, akapiga pedali mara chache, likaja basi. Akateremka.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda tangu asubuhi, tulipotoka Hamada kufuata pwani kuelekea magharibi. Pwani ile ni vilima vitupu. Unapanda mpaka mapafu yanauma, unashuka kwenye kijiji chenye mapaa ya vigae vyekundu, unavuka daraja, unapanda tena. Mwenye akili zake angeutumia mteremko kupata kasi ya kilima kinachofuata. Kaka yangu alikuwa akishika breki katikati ya mteremko, asije mwenye gari akakereka.

"Kaka, barabara ni ya wote," nilimwambia.

"Najua, Chizu. Lakini wenzetu wana haraka. Sisi tunatembea tu."

"Sisi nasi tuna haraka. Pale kwenye nyumba ya wageni wanaandaa chakula saa kumi na mbili jioni."

"Tutafika."

"Kwa mwendo huu? Labda kesho kutwa."

Akacheka kile kicheko chake cha kuomba radhi, nami nikatamani kumsukuma baharini, yeye na baiskeli yake ya gharama.

Jina langu ni Chizuru. Nina miaka sitini na miwili na hasira zangu hazijazeeka. Kaka yangu amenizidi miaka minne. Ujana wake na utu uzima wake aliumalizia Osaka, kwenye ofisi ya bima, na alipostaafu akanunua baiskeli. Mimi nilibaki Matsue na mama yetu. Miaka kumi na mmoja nilimwogesha, nikamlisha, nikamgeuza kitandani, nikaenda kumchukulia dawa kwa baiskeli yangu ya sokoni yenye kikapu mbele. Wanasema asiyekuwapo na lake halipo. Aliyesema hivyo hakumjua mama yangu. Tunda zuri kuliko yote mtini kwetu liliwekwa kando kila vuli kwa ajili ya Norio, likaoza likiwa limewekwa, na lililodonolewa na ndege ndilo tuliloligawana sisi tuliokuwapo.

Mwaka jana, mwezi kama huu, mama alikuwa anakata roho. Nilimpigia kaka simu jioni. "Njoo sasa hivi," nilimwambia. "Sasa hivi, si kesho." Na kweli alikuja. Alipanda treni, akashuka kwenye stesheni yetu usiku umekwenda. Kutoka stesheni hadi nyumbani kwetu, teksi haichukui muda wa kuchemsha chai. Akasimama pale nje, akatazama saa, akafikiri: Chizu amechoka, mama amelala, nikipiga hodi saa hizi nitawasumbua. Akachukua chumba katika hoteli ya pale pale. Asubuhi akaja nyumbani amenyoa ndevu, na boksi la vitumbua vya maharage limefungwa kwa karatasi nzuri. Mama alikuwa amekufa kabla hakujapambazuka.

"Sikutaka kuwasumbua," aliniambia akiwa amesimama mlangoni.

Nililipokonya lile boksi nikalitupa uani. Sijutii.

Tangu siku ile ananiuliza jambo moja tu. Aliniuliza siku ya mazishi, akaniuliza tulipofanya ibada ya siku ya arobaini na tisa, akaniuliza kwenye simu mwaka mpya: Mama alisema nini? Nami namjibu jibu lile lile, kwamba hakusema kitu. Ni uongo. Kuna alilolisema, na nimelifumbata mwaka mzima. Kama alilitaka, angekuja kulisikia. Ilibaki wiki mbili tuifanye ibada ya mwaka mmoja aliponiandikia kunialika tuendeshe baiskeli siku tatu kandokando ya bahari, kaka na dada, kama zamani. Majirani walishangaa nilipokubali. Yeye alitaka siku tatu za kuniuliza. Mimi nilitaka siku tatu za kumnyima.

Alianza mchana wa siku ya kwanza, tukiwa tumekaa kwenye ngazi za hekalu dogo tunakula matonge ya wali.

"Chizu," alisema, akitazama wali wake. "Usiku ule, mama..."

"Hakusema kitu. Kula."

Akala.

Alasiri mvua ikashuka. Si manyunyu. Ilikuwa mvua ya kumwagwa kwa ndoo, na upepo wa kutoka baharini unakupiga ubavuni mpaka usukani unacheza. Giza likaingia mapema. Simu yangu ilikuwa imekwisha chaji. Yake ilikuwa mfukoni mwake, kavu, ndani ya mfuko wa plastiki.

"Piga simu kwa mwenye nyumba," nilimwambia chini ya daraja tulipojibanza. "Mwambie tutachelewa."

"Saa hizi wako jikoni, Chizu. Ndipo wanapopakua. Simu italia, mtu aache sufuria lake, afute mikono..."

"Basi afute mikono! Mikono itamchubuka akiifuta?"

"Tukifika tutaomba radhi vizuri."

Ningeweza kumpokonya ile simu. Nilitaka aipige mwenyewe. Nilitaka mara moja tu katika maisha yake amsumbue mtu, nikiwa nashuhudia kwa macho yangu. Hakuipiga.

Tulipofika kwenye nyumba ya wageni pale Kurosaki, viatu vilikuwa vimejaa mlangoni mpaka hakuna pa kukanyaga. Mwenye nyumba, mama mmoja mwembamba, alitoka mbio akapiga magoti pale pale. Treni zilikuwa zimesimamishwa kwa sababu ya mvua, abiria wamekwama. Alitungoja mpaka chakula kikapoa. Hatukupiga simu, akadhani tumerudi tulikotoka, akakitoa chumba chetu kwa mwanamke mwenye watoto wachanga wawili.

"Kosa ni langu," alisema, kipaji cha uso kikigusa ubao.

"La, la, kosa ni letu," alisema Norio, naye akainama mpaka maji yakamtiririka kutoka kwenye helmeti.

"Ni langu."

"Ni letu kabisa."

"Ni lake," nikasema mimi, nikimnyooshea kidole. Wote wawili wakajifanya hawakusikia, wakaendelea kuinamiana, na mimi nimesimama pale nachuruzika kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

Mwishowe yule mama akanong'ona kwamba kuna mahali, ila hajui tutapaonaje. Pana bafu la maji moto. Pana magodoro safi. Hata chakula kiko tayari.

"Ila kuna mtu," alisema.

"Mtu gani?"

"Marehemu."

Norio akarudi nyuma hatua moja. "Ah, hapana, hatuwezi kwenda kuwasumbua wafi..."

"Tunakubali," nikasema.

Ulikuwa ukumbi wa mazishi wa kijiji, jengo la chini lenye chumba cha mikeka ambako ndugu hulala na maiti wao usiku wa mkesha. Bi. Iwamoto, mwangalizi wake, alitupokea na mwavuli, amevaa aproni nyeusi na mabuti ya mpira. Alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, mdomo hauna breki.

"Karibuni, karibuni! Wageni wangu wengine hawaji kwa miguu yao, huletwa," alisema. Akatutazama suruali zetu za baiskeli, zenye pedi matakoni, zinadondosha maji. "Jamani, hizi ndizo nguo za msiba za mjini siku hizi?"

Akatueleza huku akitupa taulo. Marehemu ni mzee Sakane, aliyekuwa kinyozi wa kijiji. Mkewe alitangulia zamani. Ana mtoto mmoja wa kiume, yuko Hiroshima, treni zimekwama, amesema atajaribu kuja kwa gari barabara ikifunguliwa. Chakula cha mkesha kilishaagizwa. Na lazima mtu akae na maiti, udi usizimike mpaka asubuhi, ndivyo ilivyo. Bi. Iwamoto mwenyewe ana mume nyumbani, hajiwezi, hawezi kuachwa.

"Sasa nimepata ninyi," alisema, akapiga makofi mara moja.

"Lakini, Bi. Iwamoto," alisema Norio, "sisi si ndugu zake. Hatumjui. Tutamkosea heshima."

"Bwana wee, huyu alikuwa kinyozi. Maisha yake yote alishika vichwa vya watu baki, hakuuliza ukoo wa mtu. Kaa."

Akaenda zake. Tukaoga, tukavaa kanzu za pamba tulizoachiwa, tukakaa mbele ya masinia yaliyoandaliwa kwa watu wengine. Mlango wa kusukuma ulikuwa wazi. Mzee Sakane amelala upande wa pili, kitambaa cheupe usoni, na kando ya kichwa chake bakuli la wali uliorundikwa, vijiti viwili vya kulia vimesimamishwa katikati, kama tunavyowaandalia wafu. Alikuwa mtu mfupi. Miguu yake haikufika hata mwisho wa godoro.

Nilikula. Nilikuwa na njaa, na wafu hawanitishi, nimemvisha wa kwangu kwa mikono yangu. Norio hakugusa kitu. Alisogea kwa magoti mpaka kwa yule mzee, akaweka viganja juu ya mkeka, akainama.

"Samahani kwa kukuvamia," alimwambia. "Tutakusumbua usiku mmoja tu."

Nilipaliwa na supu. "Hata maiti unamwomba radhi?"

Norio akageukia udi. Akawasha kijiti cha udi kwa moto wa mshumaa, akakipunga kwa mkono kizime mwali, kwa maana hakipulizwi kwa mdomo, akakisimika kwenye majivu. Hakukosea hatua hata moja.

"Lala, Chizu," alisema. "Nitakaa mimi."

Nikavuta mlango, nikalala. Sikulala. Kila nilipofumbua macho niliuona mgongo wake, kivuli tu kwenye karatasi ya mlango, umenyooka, hausogei ila pale anapowasha kijiti kingine. Mtadhani nilimhurumia. Damu ilinichemka! Kumbe anajua. Kumbe mgongo ule unajua kukesha, mikono ile inajua udi, miguu ile inaweza kukunjwa usiku kucha bila kulalamika, na vyote hivyo anampa kinyozi wa Kurosaki ambaye hajawahi kumnyoa hata unywele mmoja. Mama yangu alikosa nini? Au alitakiwa awe mtu baki ndipo mwanawe amkalie?

Kisha nikamsikia anasema naye. Alimweleza yule mzee habari za mvua, kwamba inapungua. Akamweleza kwamba barabara huenda imefunguliwa.

"Mwanao yuko njiani," alimwambia. "Yuko njiani, mzee."

Niliuma kona ya mto. Yuko njiani. Maneno hayo ni yangu. Niliyasema usiku mmoja, mwaka jana, nikayasema tena na tena mpaka ulimi ukawa mzito, na aliyekuwa njiani alikuwa amelala hotelini. Nani amempa ruhusa ya kuyatumia?

Kulipoanza kupambazuka mvua ilikuwa imekatika. Sikuweza kukaa tena nyumba moja na mtu yule. Nikavaa suruali yangu ya baiskeli, bado mbichi, nikatoka kwenda kutazama baiskeli tulizoziegesha barazani. Nia yangu ilikuwa kupanda yangu na kurudi Matsue peke yangu.

Uani palikuwa na gari dogo jeupe.

Vioo vyake vilikuwa vimejaa mvuke kwa ndani, basi nilijua halikufika sasa hivi. Nikasogea. Kulikuwa na mwanamume wa miaka hamsini hivi, suti nyeusi, tai nyeusi, amekaa wima nyuma ya usukani, mikono magotini. Macho yake yalikuwa wazi. Aliponiona akashusha kioo haraka na kuinamisha kichwa mpaka kikagonga usukani.

"Samahani sana," alisema. "Mimi ni mtoto wa Sakane. Barabara ilifunguliwa usiku, nikafika... niliona taa inawaka. Lakini nikaona viatu mlangoni, nikajua watu wamepumzika. Sikutaka kuwasumbua."

Sijui nilifungua vipi ule mlango wa gari. Najua tu kwamba ulifunguka kwa nguvu ukarudi ukanigonga kiwiko, na kiwiko kile kiliniuma wiki nzima.

"Unamsumbua nani?" nikamwuliza. "Nitajie! Nani? Baba yako? Baba yako amekufa, hasumbuki! Amelala pale ndani usiku mzima na watu wasiojua hata sauti yake, udi anawashiwa na mstaafu wa baiskeli, na wewe uko hapa uani! Hapa! Umekaa unalinda usingizi wa nani?"

"Mama, samahani..."

"Usiniombe samahani! Nimeshiba samahani! Mlango umewekwa ugongwe. Unauma? Una meno? Mtu akikwambia njoo, njoo! Gonga! Ukifungwa, uvunje! Ninyi mnadhani mtu anayekufa analala? Halali! Anasikiliza! Gari likipita barabarani anauliza, amefika? Lango la jirani likilia, amefika? Paka akiruka ukutani, amefika? Na aliyekaa kando yake anajibu yuko njiani, mama, yuko njiani, sasa hivi, lala kidogo, mpaka anaona haya kwa uongo wake. Kumbe mwenyewe amefika zamani! Amefika, amevua viatu, amevuta blanketi, anaogopa kusumbua! Adabu gani hii? Hii si adabu, huu ni ukatili uliochana nywele!"

Yule bwana alikuwa analia, lakini hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama nyuma ya bega langu. Nikageuka.

Norio alikuwa amesimama barazani na ile kanzu ya pamba, kijiti cha udi ambacho hakijawashwa kikiwa mkononi. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Ilitosha.

Alishuka ngazi peku, akapita kando yangu kama sipo, akamshika mtoto wa kinyozi mkono akamtoa ndani ya gari. "Udi haukuzimika," alimwambia. "Nenda. Ingia."

Yule bwana alifika kizingitini akaanza kuinama afungue kamba za viatu, vidole vinamkataa.

"Ingia hivyo hivyo!" alipaza sauti Norio. "Na viatu! Ingia!"

Akaingia na viatu juu ya mikeka. Sijawahi kuona jambo hilo tangu kuzaliwa kwangu. Tukamsikia akisukuma mlango, kisha tukamsikia akiita, "Baba! Baba!" kama mtoto aliyepotea sokoni.

Tukabaki sisi wawili uani. Maji yalikuwa bado yanadondoka kutoka kwenye vigae.

"Kwa hiyo aliniulizia," alisema Norio.

"Aliuliza usiku kucha."

"Uliniambia hakusema kitu."

"Nilikudanganya. Na ningeendelea."

Alitikisa kichwa kukubali, kana kwamba ilikuwa haki yangu. Hakuniuliza tena. Mwaka mzima ananiuliza, na sasa alipojua ninalo, amesimama peku kwenye kokoto, ananyamaza. Alikuwa hataki kunisumbua! Nilitaka kumzaba kofi.

"Niulize!" nikamwambia. "Uliza, wewe mtu!"

"Mama alisema nini, Chizu?"

"Kabla ya alfajiri alinikamata mkono. Alikuwa haoni tena. Alikuwa na nguvu, vidole vyake viliniumiza. Akasema, 'Norio. Umefika.'"

Kaka alifumba macho.

"Jina langu hakulitaja," nikasema. Sauti yangu ilikuwa imekwenda juu na sikuweza kuishusha. "Unasikia? Miaka kumi na mmoja nilimbeba mgongoni kumpeleka bafuni. Usiku ule hakusema Chizuru hata mara moja. Ni wewe tu. Norio, Norio. Wewe uliyekuwa hotelini."

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Ulitaka nimjibu nini? Nikaitika. Nikakohoa ili sauti iwe nzito, nikasema, 'Nimefika, mama. Ni mimi, Norio.' Akanipapasa uso. Akasema mikono yangu ni baridi, nimetoka mbali. Akacheka kidogo. Ndipo akafa. Alikufa akiwa na wewe."

Norio alikwenda chini, magoti kwanza, kisha mikono, juu ya kokoto zenye maji. Akalia. Hakulia kama mtu mzima anavyolia kwetu, kwa leso na kwa kugeuza uso. Alitoa ukemi. Mbwa wa nyumba ya pili akaanza kubweka, na wa tatu akampokea, na upande wa pili wa barabara taa ikawaka, kisha nyingine. Mtu akasukuma dirisha akatoa kichwa.

Mimi nilikuwa nimesimama pale na suruali yangu mbichi, nimekasirika bado. Sikumwambia anyamaze.